Mama Sitaki Ni wa Nani?

Jumatatu, 1 Juni 1998. Gitega.
Balaa! Jirani yangu Nassoro amerudi kutoka Muyinga na sanamu ya mbao. Ni Mama Sitaki! Mwavuli, kidevu, kila kitu! Imechongwa na Baguma, seremala Mkongomani. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, vitu vya kuchezea vya dukani havifiki, na malori yake ya mbao yenye dereva Tumbo yanapendwa sana. Alinipa ruhusa kwa karatasi nichore vitabu vya katuni vya huyo Tumbo. Sawa. Lakini Mama Sitaki, abiria anayemgombeza Tumbo kwenye kila bariyeri ya askari barabarani, nilimbuni mimi! Sasa watoto hawamtaki Tumbo. Wanamtaka Mama Sitaki.

Jumatano, 3 Juni. Muyinga.
Njia imefunguliwa. Tumekuja kwa msafara, askari mbele na nyuma. Nimemwambia Baguma yule mama ni wangu. Hakuacha hata kupiga randa. “We Husni, ule mama iko ndani ya lori ya nani?” Akaleta ile karatasi ya ruhusa. Mstari wa saba: kila atakayepanda lori ni wa Baguma. Chini, sahihi yangu. Nzuri sana, lazima niseme. Mkewe Marceline akanipa ugali na ndagala, dagaa wa huku. Nimekula kwa hasira. Sahani mbili.

Ijumaa, 5 Juni. Gitega.
Nimepata! Atakayepanda. Na akishuka je? Nimechora tangu nitoke msikitini. Mama Sitaki anashuka Giheta, anaupiga mlango teke, anaendelea kwa miguu. Huru! Wangu! Mke wangu Latifa ameutazama mchoro muda mrefu, kisha akauliza kama mama yake mzazi anajua. Sikuelewa swali.

Jumanne, 9 Juni.
Baguma kaja mwenyewe, kitabu nilichouza Jumamosi mkono mmoja, sanamu mkono wa pili, akipiga kelele barazani kwangu kwamba nimemwibia abiria. Nami nikapiga zangu. Katikati ya vita hivyo akatokea mama mkwe, Mama Salama. Mwavuli. Kidevu. Baguma akamtazama, akaitazama sanamu, akavua kofia. Mama mkwe akauliza huyo wa mbao ni nani. “Ni mimi,” akajijibu.
Nikamletea kiti.
Akaketi kati yetu, akaamua. Mama Sitaki ni wake. Baguma achonge, mimi nichore, majina yote mawili yaandikwe. Sharti moja: avalishwe viatu vya heshima. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu kidevu. Kidevu kibaki, akasema, ndicho kinachowanyoosha watu. Baguma alianza kucheka. Sote tukafuata. Tumepeana mikono!

Jumamosi, 13 Juni.
Kitabu kipya kimetoka, majina mawili, viatu vinang’aa. Watoto wamekigombania! Nami nimeshabuni mhusika mwingine: karani mvivu anayelala juu ya mihuri yake. Nimempa masharubu na pengo la mkuu wetu wa zoni, bosi wa serikali hapa mtaani. Mtu mkubwa kama yule hasomi katuni, hatajua kamwe. Latifa ananiambia mkuu ametuma mtu kuniita, haraka. Bila shaka anataka nakala. Nitampelekea mbili.