Tension ya Kumi na Mbili Ilivyonizalisha Kanisani

Bandugu, leo nimepata haya, aibu yenye sijapata tangu nizaliwe.

Dada yangu mukubwa alipigwa na tension, ule ugonjwa wa damu kupanda. Mukono wake wa kuume haukamate hata kijiko. Sasa mi pia tension inanipanda, na ule mukono ndio nauota kila nikilala. (Naogopa, sifiche.) Wiki yenye ilipita daktari wa hapa Baraka akaniambia:

"Mama, bengine nabaachaka kwa 14. We, juu ya ile ya dada yako, tutashuka mpaka 12. Lakini polepole."

Mi nilisikia 12. Polepole nikaiacha kule kule kwa bureau yake.

Kesho ndiyo siku ya kupimwa. Leo asubuhi nikameza kidonge changu. Nikafikiri kidogo. Nikameza kingine. Chai nikaiacha, juu bamama ba korali tulikuwa tunafunga. (Akili nyingi, tumbo wazi!)

Wimbo wa pili, kanisa ikaanza kuzunguka. Puu! Niko chini.

Bamama benzangu bakafanya vile tunafanyaka mama akianguka: bakafungua bitenge bya juu, bakanizungusha, banaume basione. Sifa, infirmière, muuguzi mwenye anaimba na sisi, akaweka miguu yangu juu ya kiti, akanipima tension.

"Nane juu ya tano! Imeshuka sana! Maji na chumvi, mbio!"

Sasa fikirini benye bameketi nyuma. Bitenge bimezunguka. Miguu iko juu. Mutu analalamika ndani. Hapa kwetu, ile ni kitu kimoja tu.

"Mama Riziki anazaa!"

Mi! Nyanya wa bajukuu batatu! Vigelegele hivyo! Pasteur akashukuru Mungu kwa kipaza sauti. Mutu akakimbia kuita bwana yangu, mwenye alikuwa Nundu mwaka muzima kwa kazi ya samaki, akarudi jana tu. Akaingia anahema, akasimama mbele ya kanisa yote:

"Mimba ya nani?"



"Baba Riziki, ni bidonge bibili bya tension," Sifa akasema. "Mimba hapana."

Bwana yangu akaketi chini akacheka mpaka machozi. Halafu akaacha kucheka, akakamata mukono wangu wa kuume. "Finya." Nikafinya. "Finya tena." Nikafinya kwa nguvu, wote wawili tukalia. Eee Mungu, asante!

Daktari amenigombeza kwa simu. Inabaki 12, lakini kwa mwendo wake yeye.

Basi, benye bameleta sabuni na nguo za mutoto, mukuje kuzikamata. Ndizi sirudishe. Nimekwisha kuzikula.