Mganga wa Mchanga wa Nyantakara

Xavery, mjanja wa Ngara, alipowaona wauza mkaa wa Biharamulo wakimwaga mtaroni chenga, vumbi la mkaa lisilouzika, alisimama kama mtu aliyetokewa na malaika. Kitu cheusi, cha bure, kisicho na mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa Nyantakara na magunia mawili, uani kwa mzee Bulugu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wengi akaangukia shamba la mchanga mtupu. Viazi vyake vilitoka vyembamba kama penseli za wanafunzi wa ngumbaru.

"Shikamoo, mzee. Mchanga wako unaumwa."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Maji yanaupita bila hata kusalimia. Dawa yangu itayashika. Nipe mtamba mmoja tu wa ng'ombe, nikuachie magunia yote."

Ili apate muda wa kutokomea, alibuni masharti marefu pale pale, huku akijikuna shingo: dawa ilowekwe kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, ikae majuma mawili, ndipo ifukiwe kwenye matuta.

Bulugu aliitikia kwa kichwa. "Sawa, mganga. Ila kwetu mganga halipwi mpaka mgonjwa apone. Na hulala kwa mgonjwa."

"Mgonjwa ni shamba, mzee."

"Ndiyo. Kibanda chako kile pale."

Basi Xavery, ambaye Ngara nzima haikuwahi kumwona na jembe, akalima matuta. Miezi mitano alikoroga mkojo huku redio ikitangaza vita vya mpakani. Kila asubuhi alipiga magoti kuombea viazi, sala yake ya kwanza isiyo na uongo. Na Mungu, asiyechagua mwombaji, akamsikia. Chenga zilishika maji na mbolea, viazi vikatoka vikubwa kama vichwa vya watoto. Aliyeshangaa kuliko wote ni mwenye dawa.

Bulugu alimkabidhi kamba ya mtamba. "Pitia ofisi ya kijiji upate kibali cha kusafirisha ng'ombe. Mgambo wamejaa barabarani."

Xavery alikwenda akipiga mluzi. Mlangoni, Restituta, katibu wa kijiji, aliipokea kamba kwa mikono miwili.

"Asante, mganga. Mzee Bulugu alituambia mchango wake wa ng'ombe kwa wanajeshi utauleta wewe."

Xavery akafungua mdomo. Kisha akawaona mgambo wawili wakimkagua: mgeni asiye na barua wala kazi, katika siku ambazo kila mgeni alikuwa jasusi mpaka ithibitike vinginevyo. Akaufunga.

"Ndiyo," akasema. "Mzee anawasalimu sana wapiganaji."

Wakampigia makofi. Restituta akamletea jembe jipya.

"Na kwa kuwa wewe ni mtaalamu, shamba letu la Ujamaa ni ekari ishirini. Zote mchanga."

Jioni Bulugu alimkuta kibandani, anaosha pipa la kulowekea dawa.

"Umerudi, mganga?"

"Nimerudi, mzee. Ng'ombe wamekojoa leo?"

"Wote," alisema Bulugu, "isipokuwa mmoja."