Mikwaju ya Penalti na Sufuria ya Adelgunda

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nina miaka sabini na nane. Nimevishinda vita vya Kagera, mnyauko uliomaliza migomba ya jirani, redio nne, na daktari aliyenikataza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Huyo daktari nilikwenda kumzika, na baada ya mazishi nikanywa rubisi. Kwa hiyo Rogasian hanitishi.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe kumi na nne wageni wanakuja hapa kwetu Rugu kumposa mjukuu wangu Evelyn. Nyumba inatakiwa iwe na msemaji mmoja. Huyo ndiye anawapokea, anapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, anawauliza wamefuata nini, kisha anawaeleza mtoto wetu ni nani. Evelyn nimemlea mimi, tangu baba yake Cassian alipohamia Bukoba na biashara zake. Kuhesabu alijifunzia kwenye mkeka wangu, kwa punje za kahawa. Nataka hilo nilitamke kwa mdomo wangu mbele ya watu. Sina dai lingine.

Sasa Rogasian, mdogo wake mke wangu Adelgunda, anayekaa Bugomora kule Kyerwa, anasema msemaji ni yeye. Eti kwenye harusi ya Cassian nilihutubia mpaka ndizi zikapoa, halafu nikasahau jina la bibi harusi. Uongo. Ndizi zilikuja zimepoa.

Mimi na yeye tuna mchezo wa penalti kwenye simu. Evelyn alituwekea wakati wa Krismasi ili tupunguze kugombana. Mmoja anapiga akiwa kwake, mwenzake anadaka akiwa kwake. Leo Evelyn kachoka kutusikiliza, kasema basi tumalizane humo humo, Jumamosi saa kumi jioni, mikwaju kumi kila mtu, mshindi ndiye msemaji. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Mpaka leo Rogasian kanishinda mara arobaini na moja, mimi mara tatu. Ila mara zangu tatu zilikuwa safi sana.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi. Nimefungwa matano bila. Nikiruka kushoto, mpira umeshalala wavuni kulia muda mrefu, unapumzika.

Nikamwambia Evelyn simu imerogwa. Akasema hapana babu, ni mtandao, hapa nyumbani unachelewa. Ninachokiona kwenye kioo kimeshatokea. Rogasian kapiga zamani, mimi ndiyo naletewa habari. Nikamwelewa mara moja. Ni kama barua za zamani. Barua inafika inasema ng'ombe anaumwa, na nyama yake tulishaila.

Nikapanda mlimani hadi kanisani, ambako mtandao uko wazi. Nikadaka matatu. Sikuruka vizuri kuliko asubuhi. Nilikuwa naletewa habari mapema tu.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, na ikianza huwa haisimami. Kama habari ikiniwahi nadaka, basi ikimchelewea Rogasian hadaki. Nidakie mlimani, nipigie bondeni kwenye chemchemi, ambako mtandao ni wa kuombea. Wapo waliosoma hadi chuo, hili hawajaliona.

Jumatano, 4 Juni

Nimejaribu. Nilipiga bondeni, goli. Nikaanza kupanda kwenda kudaka. Mchezo unakupa nusu dakika. Ukipitiliza unaandikwa haupo.

Kwa goti langu ni robo saa. Tena bila watu. Nikakutana na jirani yetu Benadeta anaanua kahawa. Akasema shikamoo. Utampita mtu namna gani? Nikaitikia. Akauliza habari za nyumbani, za migomba, za goti, za mama Cassian, na yule ndama. Nami nikauliza za kwake, na kwake wako wengi. Nilipofika kanisani nilikuwa nimeandikwa sipo mara tano. Rogasian kashinda akiwa amekaa kwenye kiti.

Kapiga simu kuuliza, shemeji, umekufa? Nikamwambia nilikuwa nasalimiana. Akasema hapo sawa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata dawa, tena bila kutembea.

Asubuhi nilificha simu kwenye sufuria kubwa ya Adelgunda, ile nzito ya sherehe, ili asinitume dukani. Nikafunika. Evelyn akanipigia, akaambiwa sipatikani. Mtu nimekaa mbele yake. Nikafunua, ikaita. Nikafunika, sipatikani. Nilirudia mpaka Evelyn akaondoka.

Basi nikapiga mkwaju, nikatumbukiza simu, nikafunika, nikahesabu hadi nne, nikafunua. Goli. Mara sita, goli sita. Rogasian akapiga simu, sauti haina raha. Anasema mpira wangu sasa unatembea kama panya. Uko hapa, haupo, uko wavuni. Nikamwambia ni mazoezi, shemeji, na chakula bora.

Baada ya hapo nikajisikia vibaya kidogo. Nikala ndizi na maharage. Ikapita.

Ijumaa, 6 Juni

Adelgunda kauliza, baba Cassian, sufuria yangu inafanya nini sebuleni, imefunikwa kitambaa? Nikasema inatunzwa. Kaniangalia kwa muda. Kwa miaka hamsini na mbili ananiangalia hivyo.

Jambo baya zaidi. Leo mipira ya Rogasian siioni kabisa. Anasogea kupiga, anaganda mguu juu kama ndege kwenye tope, halafu mimi nimefungwa. Nikapanda mlimani, vilevile.

Mchana akapita Stephania, anayeleta dagaa kutoka kule Bugomora. Nikamuuliza habari za shemeji yangu, taratibu, kama mtu asiye na shida. Akasema anamwona kila siku amekaa chini kabisa ya shamba lake, upande wa mpakani, na kiti na mwavuli. Huko simu huwa inaacha mtandao wetu inashika wa nchi jirani, kisha inarudi. Yeye anainyoosha upande ule, anairudisha upande huu, anacheka peke yake.

Kumbe anadanganya. Sijalala mchana. Mtu niliyemfundisha baiskeli. Mtu aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipoanguka mgombani, na mimi si mwepesi. Leo ananifungia magoli kutoka ugenini.

Nimesugua mfuniko mpaka umekaa sawasawa.

Jumamosi, 7 Juni

Saa kumi kamili. Nimewatoa watu wote sebuleni, nimesema nahitaji utulivu.

Tukaanza. Yeye goli, mimi goli. Yeye goli, mimi goli. Hakuna aliyedaka kitu. Kumi kwa kumi. Mchezo ukasema tuendelee mpaka mmoja akose. Kumi na tano kwa kumi na tano. Mkono unaniuma kwa kufunua na kufunika. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Nikasema sasa namaliza. Nikapiga, nikafunika, na badala ya nne nikahesabu hadi mia, ili mpira ufike yeye ameshasahau kama tunacheza.

Nikafunua. Kioo kimeandika: wachezaji wote wawili hawapo, mechi imefutwa.

Simu ikaita. Rogasian. Akauliza taratibu, shemeji, wewe unatumia nini? Nikasema sufuria. Wewe? Akasema nchi jirani. Na mara hii alivuka kidogo kwa miguu, ili iwe ya uhakika.

Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, sikutaka. Tulipomaliza, Evelyn na bibi yake walikuwa wamesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Adelgunda akachukua sufuria yake, akainusa, akasema msemaji ni yeye. Nikamweleza haijawahi kutokea msemaji mwanamke kwenye nyumba hii. Akasema hata penalti ndani ya sufuria haijawahi. Evelyn akasema bibi anatosha. Rogasian, bado yuko hewani, akasema dada anatosha. Msaliti.

Jumapili, 15 Juni

Jana wageni walikuja. Andiko hili ni la kweli tupu.

Adelgunda alisimama. Alisema kwa dakika nne. Aliwauliza wamefuata nini, wakajibu, akawaambia Evelyn ni nani, wakaelewa. Ndizi zikaliwa za moto. Mzee Nolasco kutoka Bweranyange, babu yake kijana anayeposa, alisema hajawahi kusikia msemaji mzuri hivyo. Mimi na Rogasian tulikaa benchi moja, tukinywa rubisi kwenye kibuyu kimoja kwa sababu hatukupewa viwili.

Kisha Adelgunda akageuka. Akasema yupo mtu aliyemlea binti huyu, agawe kahawa yeye, na aseme neno. Evelyn mwenyewe akaniletea kikapu.

Nikasimama. Hotuba ninayo tangu mwaka jana. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Watu wote wananitazama, nimeganda, mguu mmoja mbele. Nikagawa kahawa kimya kimya, mtu mmoja mmoja, nikakaa. Rogasian alijifanya kofia imemwingia machoni.

Maneno yalifika wageni wakiwa wameshapanda gari. Yote, kwa mpangilio. Evelyn alikuwa getini anawapungia. Nikamwambia pale pale, mimi na yeye tu. Mkeka, punje za kahawa, siku aliyohesabu hadi mia bila kukosea akaniomba nimpe nyingine ahesabu. Hakuniambia nimechelewa. Alinishika mkono, tukarudi ndani hivyo.

Jambo la mwisho. Kabla ya kuondoka, Nolasco alijigamba kwamba siku ya harusi wa kusema kwanza ni yeye, hana mpinzani wilaya nzima. Na simu anayo. Na mchezo ule anao. Tumeshaweka siku. Adelgunda kafungia sufuria chumbani, lakini Rogasian anayo ya chuma, mfuniko wake unainuliwa kwa mikono miwili. Alhamisi nakwenda kwake, naishusha mwenyewe mpakani na simu yangu. Ujanja mmoja ulikuwa hautoshi, sasa tunaweka vyote viwili pamoja, sufuria na nchi jirani.

Mwenye kubisha haya amuulize Rogasian wa Bugomora, ana kila kitu kichwani. Ila aende kwa miguu. Kwa simu hapatikani.