Shabu Kwenye Ndoo ya Vyura

Leo nimejiaibisha, jamani, na hakuna wa kumsingizia.

Mnajua mimi ni mtu wa kuzunguka. Mombasa, Arusha, Kampala, kote nimelala, kote nimeondoka. Juzi nimerudi Voi na mashati mawili. Hapa yupo mpwa wangu Wakesho, mtoto wa marehemu dada yangu. Amesoma hadi akaitwa daktari wa viumbe. (Si wa sindano. Nilimwonyesha goti langu, akacheka.) Chuo kimoja ng'ambo kimemwahidi nafasi ya utafiti, kwa sharti moja: afike na vyura wa Taita walio hai.

"Kwani kule hawana vyura?"

"Wanao, mjomba. Lakini wewe na mimi tumebeba maagizo ya mwili seti mbili, ya baba na ya mama. Huyu chura wa Taita, zamani sana, seti zake zilijirudia. Ana nne. Moja ikiharibika, ana akiba. Wanataka kujua hiyo akiba imekuwa ikifanya kazi gani."

"Na akifa?"

"Tunazihesabu kwenye chembe hai tu."

Jana nikampeleka hadi kijiji cha Mghange, juu milimani, kwenye chemchemi ambayo mimi na mama yake tulichota maji utotoni. Njiani nilijisifu kwamba maji yanafika kiunoni. Tukakuta kidimbwi cha kunawia miguu, mikaratusi imekizunguka na kunywa maji yote. Akatega kwa maini ya kuku, akapata vyura wachache.

"Ndio wote," akasema. "Watatosha."

Leo asubuhi akaenda posta kupiga simu. Treni ni usiku huu.

"Mjomba, waangalie tu. Usiwape chochote."

Nikakaa barazani na ndoo. Maji rangi ya chai! Vyura hata siwaoni. Nikawaza, wazungu wakiona tope hili watasema nini juu yetu? Sasa, hapa Voi maji ya mfereji yakija, yanakuja na nusu ya mto. Kila nyumba ina shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza tope. Unalizungusha kwenye ndoo, tope linazama, unapika chai. Nikaenda kwa jirani, Mama Swaleh.

"Shabu ya nini asubuhi yote hii? Umeoa?"

"Nina wageni."

"Mbona siwaoni?"

"Wamo ndani ya ndoo."

"Yarabi! Huko ulikozunguka, akili uliiacha stesheni gani?"

Lakini akanipa.

Nikalizungusha jiwe kwa moyo wote. (Aliniambia nisiwape kitu. Shabu si chakula.) Maji yakatakata kama kioo! Vyura wakahangaika kidogo, kisha wakatulia. Nikasema, wameridhika.

Wakesho akarudi mbio, uso unang'aa. "Wananisubiri, mjomba! Wamesema niende!"

"Na mimi nimekuandalia," nikasema, nikafunua ndoo kama mpishi wa hoteli. "Tazama. Unawaona mpaka vidole."

Akatazama. Akaingiza mkono, akamgeuza mmoja. Tumbo jeupe likarudi juu.

"Mjomba, umetia nini?"

"Shabu."

Mama Swaleh, ambaye alikuwa amefika kuwaona wageni, akaangua kicheko. Kisha akauona uso wa Wakesho. Akakikata katikati na kujiziba mdomo kwa leso.

Heri angenitukana, kuliko kuniambia polepole kwamba ngozi ya chura hunywa kila kilicho majini, na shabu ni sumu kwake. Aliketi kwenye kizingiti, mikono inachuruzika maji.

"Twende tena Mghange," nikasema. "Sasa hivi. Nitapanda hata kwa miguu."

"Kuchukua nini, mjomba? Kile kidimbwi si ulikiona mwenyewe?"

Chura ana akiba ya kila kitu, ila hana akiba ya kumkinga na mimi.

Baadaye Wakesho akawatia kwenye chupa ya spiriti, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Atawapeleka hivyohivyo, huenda wale wa chuo wakamhurumia. Alipofunga kifuniko akaniangalia.

"Mama yangu naye angetia shabu," akasema.

Nilijifanya nina vumbi machoni.

Sasa anafunga mizigo. Nawaomba msicheke. Ndoo bado iko barazani, maji ni safi kuliko yote niliyowahi kuyaona Voi, na nyumba nzima hakuna anayethubutu kuyapikia chai.