Kimo cha Kupanda Joka

Jumamosi, 2 Agosti

Imeamuliwa. Wiki ijayo, shule zikiwa zimefungwa, familia nzima itakwenda kwenye bustani kubwa ya michezo. Hatujapata kwenda hata mara moja. Mke wangu ameshapata tiketi na amezifungia kabatini, kwa sababu karatasi ikiachwa mezani mimi huandikia vipimo vya suruali.

Shemeji alikuwapo. Bila shaka! Huyu ni mdogo wake mke wangu, seremala, mtu ambaye kila mahali ameshafika na kila kitu ameshakionja. Akaanza kuwasimulia watoto habari za Joka: vigari vinavyopanda reli hadi mawinguni, kisha vinaporomoka. Yeye amelipanda. Watoto midomo wazi. Mimi, baba mwenye nyumba, nimekaa kama kochi.

Nikajikuta nasema kwamba mimi, enzi za ujana wangu, nililipanda Joka kubwa kuliko hilo. Mara mbili. Ya pili bila kushika.

Midomo yote ikanigeukia mimi. Binti yangu, mwenye miaka tisa, akasema basi yeye atakaa na Baba, kigari cha mbele kabisa.

Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo: mimi naogopa kwenda juu. Nikipanda kigoda kubadilisha taa, hushuka kabla sijaifikia. Watoto wasijue. Shemeji asijue kabisa!

Jumapili, 3 Agosti

Mpango wa kwanza: ratiba. Nimeichora kwa rula kwenye karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo vya nguo. Joka nimeliweka saa kumi na moja kasorobo. Bustani hufungwa saa kumi na moja. Kabla ya hapo: kula, kupumzika, kutazama bata, kula.

Mke wangu akauliza kama tunakwenda kucheza au kunenepeshwa. Binti akachukua penseli, kwa adabu zote, akalipeleka Joka saa tatu asubuhi, akisema wakati huo foleni huwa fupi. Mdogo wake, wa miaka sita, akafuta bata.

Ratiba niliichora mimi, lakini si yangu tena.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Nyuma ya tiketi pana masharti. Mtoto asiyefika sentimita mia moja na arobaini hapandi Joka ila afuatane na mzazi. Aliyefika kimo hicho hupanda peke yake. Mama yao atakuwa na yule mdogo kwenye vigari vya watoto. Kwa hiyo mambo ni mepesi: Binti akirefuka, mimi nimeokoka.

Nikampima kwa tepu yangu. Mia moja thelathini na nane. Sentimita mbili! Mimi ni fundi cherehani wa miaka ishirini. Sentimita mbili kwangu ni upindo tu.

Nimemwagiza alale amejinyoosha, aongeze chakula, na aning'inie mlangoni mara kumi kila asubuhi. Mke wangu akauliza mtoto amekosa nini hata aanikwe. Nikasema ni mambo ya afya.

Alhamisi, 7 Agosti

Kipimo cha asubuhi: 138. Kipimo cha mchana: 138. Watoto wa siku hizi hawakui kwa wakati.

Mpango wa pili: viatu. Nimekata tabaka sita za kitambaa kigumu cha kola kwa umbo la unyayo, nikazishona pamoja, nikazitumbukiza ndani. Mia moja na arobaini na nukta kidogo! Kazi safi. Binti akauliza ni za nini. Nikasema zinakinga nyayo zisichoke. Akazunguka sebuleni kama kuku kwenye majivu ya moto, akasema, Baba, mbona nyayo zangu hazijachoka? Nikamwambia zitachoka.

Kisha akauliza tena, taratibu, kama kweli nitakaa naye. Nikasema, nani mwingine?

Shemeji alipita, akaniona na kiatu mkononi, akauliza kama sasa nimeamua kuwanyang'anya mafundi viatu riziki yao. Nikarudi kwenye cherehani. Mtu mzima huchagua vita vyake.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la bustani. Mwandiko si mzuri kwa sababu ya upepo.

Saa tatu tulikuwa langoni mwa Joka, na Shemeji naye. Pana nguzo ya kupimia, na kando yake msichana wa zamu. Akasema viatu vivuliwe. Viatu! Nikamweleza kwamba kwa mtoto wa shule, viatu ni sehemu ya mwili. Akajibu kwa upole kwamba ameshasikia makubwa kuliko hilo. Binti akavua. Zile tabaka sita zikachungulia nje kama ulimi. Mke wangu akazitazama, kisha akanitazama mimi. Ndoa ya miaka kumi na miwili haihitaji maneno mengi.

Binti akasimama kwenye nguzo. Mia moja arobaini na moja!

Shemeji alicheka hadi akashika uzio. Akasema tepu yangu imelegea kwa uzee, inapunja watu kimo. Nikamjibu kwamba mteja na kitambaa hupimwa kwa tepu ileile, na hakuna suruali iliyowahi kulalamika.

Haidhuru! Nikatangaza kwamba mtoto amekua, apande mwenyewe, mimi nitalinda mikoba. Nilikuwa nimeshinda. Narudia, ili ibaki kwenye kumbukumbu: nilikuwa nimeshinda. Mikoba yote minne ilikuwa begani mwangu, na roho yangu ilikuwa kwatu.

Binti akainama kufunga kamba za viatu, polepole mno. Shemeji akamwambia asijali, twende na mjomba. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, mbona baba yako anatoka jasho asubuhi yote hii, au ni uzito wa mikoba?

Mtu anyamaze? Nikamtupia mikoba yote minne, nikampita, nikaketi kigari cha mbele kabisa. Binti akaruka kando yangu. Chuma kikashuka kifuani, kikajifunga. Hapo ndipo akili iliponirudia. Ilikuwa imechelewa.

Sikumbuki mengi. Nilifumba macho kabla hatujaondoka. Huko juu nilisikia mtu akimwita mama yake, nikamhurumia, kisha nikaitambua sauti. Mkono mdogo ulinishika muda wote. Ulikuwa wa baridi.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi Binti alinifuata kwenye cherehani. Akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba naogopa, maana taa za nyumba hii hubadilishwa na Mama. Nikamwuliza kwa nini basi alinichagua. Akasema kwa sababu yeye pia anaogopa, tena sana. Mama haogopi kitu, hawezi kuelewa. Mjomba angemcheka. Alitaka mtu wa kuogopa naye. Aliponiona na mikoba pale langoni alitaka kulia.

Mguu ulinigandia kwenye pedali. Nikamwomba radhi. Akasema si kitu, Baba, ulipiga kelele vizuri hata hakuna aliyesikia zangu.

Nimeapa. Kuanzia leo sitajisifia jambo nisilolifanya. Nimeandika kwa wino.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya nne bila uongo. Mwili mwepesi. Hata chakula kina ladha.

Mchana Shemeji alikula kwetu. Mke wangu akasema likizo ijayo tunaweza kwenda kwenye shamba moja ambako watu hupanda farasi. Watoto wakaruka kwa furaha. Shemeji akafuta mdomo, akasema farasi hawezi kumsumbua yeye, kwa kuwa ameshapanda punda.

Punda!

Sikukusudia. Nilisema tu, kwa utulivu, kwamba zamani nilikuwa nikifunza farasi. Wawili. Mmoja mkali sana, hakumsikiliza mtu ila mimi. Binti akaweka kijiko chini, akauliza walikuwa wakiitwaje. Nikawataja bila kusita.

Kesho nitauliza mahali, kwa njia ya kuzunguka, farasi hupandwa kutoka upande gani.