Presha ya Mikima

Kaimenyi alikuwa kwenye hoteli moja mjini Meru, akimalizia chapati, redio iliposema kwamba kuna kampuni za ng'ambo zinazowalipa wakulima wenye miti kwa sababu miti hufyonza hewa chafu ya kaboni. Wateja wengine waliendelea kula. Kaimenyi aliacha kutafuna, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu abatizwe.

Jumatatu alikuwa Kangeta, amevaa koti la suti na gamubuti, mkononi ana mashine ya kupima presha. Aliwaambia wenye miti kwamba yeye ni injinia wa kaboni. Pesa hakuomba hata ndururu. Kampuni, alisema, inachukia rushwa. Ilitaka tu jogoo mmoja kwa kila shamba, apelekwe maabara akapimwe mapafu, ijulikane hewa ya hapo ni safi kiasi gani.

Watu walivutiwa na uaminifu huo. Kufikia saa nne, gari aina ya probox alilolikodi lilikuwa na majogoo kumi na mmoja, wakiwika kwa zamu.

Shamba la kumi na mbili lilikuwa la mama Kiende, mjane aliyeachiwa na mumewe miti mirefu ya mikima, ya mbao na kuni. Jogoo alikuwa na mmoja tu, tena wa harusi ya bintiye Lydiah Jumamosi.

"Injinia, hiyo si ile mashine ya kliniki?" aliuliza. Kila mwezi alifungwa kitambaa kama kile mkononi.

"Zinafanana tu, mama. Ile ni ya watu. Hii ni ya miti."

Alijaribu kukizungusha kitambaa kwenye shina. Hakikufika hata nusu.

Mama Kiende alitikisa kichwa kwa huruma. "Shina limenenepa sana. Jaribu tawi la juu, ni jembamba kama mkono wangu. Ngoja nilete ngazi."

Alipoifuata ngazi, alimpigia simu jirani yake Kaburu.

Kaimenyi alipanda, akafunga kitambaa, akabonyeza mpira, akatangaza: "Mia na ishirini kwa themanini! Mti huu ni mzima kabisa!"

Alipotazama chini, ngazi ilikuwa inaondoka, iko begani mwa mama Kiende. Barabarani, Kaburu alikuwa amefungua gari, na majogoo walikuwa wanarudi, kila mmoja kwapani mwa mwenyewe.

"Mama, ngazi!"

"Inakuja, kijana wangu. Kwanza nikupandishie panga." Akamrushia kamba. "Matawi makavu yamenishinda tangu marehemu aende, na harusi inataka kuni."

"Mimi ni injinia!"

"Najua. Ndiyo maana sitakuonyesha pa kukata."

Alikata, akarudishiwa ngazi. Aliposhuka, wenye majogoo walikuwa wamemzunguka, na ngazi ikaegemezwa mti wa pili. Kufikia jioni alikuwa amepogoa mikima kumi na tisa, na koti lilikuwa limebaki na mkono mmoja. Mama Kiende, kwa kuwa ni mtu wa kanisa, alimwekea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kiti nje.

Kaburu aliitazama ile miti. "Lakini anajua kazi. Muulize kama kesho ana nafasi, na mimi nina yangu."

Waligeuka kumuuliza. Kiti kilikuwa kitupu. Probox ilikuwa imeshashika barabara ya kwenda mjini Maua, na Kaimenyi ameenda na bakuli na kijiko.