Kurasa za Mwisho za Twyla Renfro

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeporwa. Sina neno jingine la kuandika.

Miaka sita sasa mimi, Gaylon Pruitt, ndiye mkutubi wa Kikundi cha Kujiandaa, sisi tunaojiwekea akiba kwa siku ya maafa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana mchana kwa Harlan, kilimani, tunakula maharage na nyama ya kulungu, tunabadilishana riwaya. Za vita, za majasusi, za watu walionusurika msituni kwa kula magome. Mimi ndiye ninayesema nani asome nini. Leo kaja mjane kutoka ng'ambo ya mto, Twyla Renfro, na maboksi kumi na moja nyuma ya pikapu. Vitabu vya marehemu mumewe. Mia nne! Vyangu ni thelathini na nane, na kimoja kinahusu kufuga kuku.

Dewey, fundi wetu wa redio, alikuwa ameshika riwaya niliyomchagulia kwa mkono wangu. Akaiweka juu ya friji, akaenda kuinamia maboksi na wenzake. Aliondoka bila kuichukua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mwenyeji mimi nimeugua.

Jumapili, 2 Novemba

Sikuenda kanisani. Nimepiga hesabu.

Handaki la Harlan, la kujificha siku hiyo ya maafa, lina vitanda kumi na viwili. Sisi tuko kumi na wawili. Ukimweka Twyla, kumi na watatu. Na kila mwenye kitanda ana kazi yake. Harlan ndiye mwenye handaki. Dewey ana redio. Mke wangu Marlys ni muuguzi wa mifugo, na anayeweza kumshona ng'ombe atamshona mtu. Mimi nina vitabu. Ukinitoa kwenye vitabu nabaki na mgongo mbovu. Siku nchi itakapoharibika Harlan atafunga ule mlango wa chuma, na mtu mmoja atabaki nje.

Nikamweleza Marlys. Akasema nisijitie presha, hakuna hata mmoja aliyetaja vitanda. Ndiyo hasa! Kuku haambiwi siku ya kuchinjwa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya kazi nzuri leo, ingawa hakuna wa kunipongeza.

Harlan hushinda kiwandani kwake akipasua mbao, na mimi nina ufunguo wa chumba cha vitabu pale kwake, walikoviweka vya Renfro. Nikaingia na wembe. Nilitoa ukurasa wa mwisho tu, mmoja kwa kila kitabu, na vile vitabu tu ambavyo watu watavikimbilia kwanza. Arobaini. Nilikata karibu kabisa na mshono, huwezi kuona kovu. Maana riwaya isiyo na mwisho ni nini? Ni takataka. Watamchukia mjane na maboksi yake, watarudi kwangu.

Kurasa nimezificha nyumbani kwenye ndoo ya mchele wa akiba, ule wa kukaa miaka ishirini na tano bila kuharibika. Nani atafungua mchele wa siku ya kiama? Kabla ya kufunga nilizisoma zote. Sikuweza kujizuia. Halafu nikawapigia simu wanachama mmoja mmoja, nikawaambia sijagusa vitabu vya Renfro wala sitavigusa, vina ukungu, na mapafu yangu wanayajua.

Ijumaa, 7 Novemba

Matunda yameanza kuiva.

Dewey kapiga simu asubuhi, anafoka. Nahodha wa nyambizi ndiyo kwanza kashika mpini wa mlango, maji yako shingoni, ukurasa hamna. Amekaa siku tatu bila kulala vizuri kwa ajili ya kile kitabu. Nikampa pole. Nikamwambia, ndiyo vitabu vya kuokotaokota hivyo, kaka, mimi nilinyamaza tu nisionekane na wivu. Baada ya saa moja, Harlan naye. Yake ilikuwa ya yule daktari wa mji usio na umeme. Ameitisha mkutano wa dharura kesho.

Kahawa ya leo ilikuwa tamu. Nilikunywa vikombe vitatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Laiti ningejiuma ulimi.

Nilitegemea Twyla atalia. Hakulia. Alisema mumewe alipofuka miaka tisa kabla ya kufa, na yeye ndiye aliyekuwa akimsomea. Vyote mia nne kwa sauti, vingine mara tatu. Akamgeukia Dewey, akamuuliza, "Wewe mwanangu, umekwamia wapi?" Dewey akasema kwenye mlango wa nyambizi. Basi akamsimulia. Amesimama karibu na jiko, anaigiza sauti ya nahodha, anaigiza hata maji. Dewey, mtu mzima mwenye bunduki sita, akafuta macho kwa kofia.

Ikawa zamu ya Harlan, kisha mwingine, kisha mwingine. Saa tatu nzima. Pai ya maboga ikaletwa. Hakuna aliyekumbuka kuuliza nani alikata kurasa. Harlan akasema rafu ya vitabu inaweza kuungua, lakini mama huyu ni maktaba inayotembea. Mke wangu akacheka kwa sauti ambayo nyumbani kwangu sijaisikia miaka mingi. Hilo liliniuma kuliko la Harlan.

Kisha Twyla akafika kwenye ile ya vita, ya koplo aliyeachwa darajani peke yake. Akasita. Jina limemtoka. "Koplo... koplo nani huyu, jamani?" Wote wanangoja. Hakuna anayejua. Na mimi ninalijua. Liko mstari wa nne kutoka juu. Nikajikaza, nikahesabu vifundo vya ubao wa ukutani. Lakini mkutubi ni mkutubi.

Nikasema anaitwa Ansel Boggs. Nikaongeza kwamba hakuachwa, alibaki kwa hiari yake.

Harlan akaniuliza kwa upole nimejuaje, na mapafu yangu yale. Marlys akasimama. Alisema tangu Jumanne anajiuliza: mwanamume ambaye hata mfuko wa taka hafungi, kazungushia ndoo ya mchele utepe mara tatu. Akachukua gari, akaenda nyumbani, akarudi na ndoo. Maili nne kwenda, nne kurudi. Muda wote huo hakuna aliyenipa pai.

Jumapili, 9 Novemba

Kitanda changu handakini kimesimamishwa mpaka waamue. Cha Marlys kipo palepale.

Amenisemesha asubuhi, akiwa na mkate wake na mchuzi wake, mimi sikupakuliwa. Alisema Twyla alimwambia Harlan siku ileile ya kwanza asimhesabu kwenye vitanda. Hawezi kulala chini ya ardhi. Siku ikifika ikifika, atafia jikoni kwake, kwenye kiti cha mumewe. Anakuja kwetu kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno na hana tena wa kumsomea. "Hapakuwa na mtu wa kumi na tatu, Gaylon. Ulikuwa unashindana na nani?"

Niliona aibu. Kweli kabisa niliona aibu, kwa dakika nne hivi. Halafu nikajiuliza, kwa nini hakuniambia mimi? Mkutubi ni nani pale? Angenieleza mapema haya yote yasingetokea.

Jumatano, 12 Novemba

Harlan kaja na masharti. Nirudishe kurasa zote arobaini, kila moja niwe nimeibandika, ifikapo Jumamosi. Nimwombe Twyla radhi mbele ya watu. Nikifanya hivyo, kitanda ni changu. Alisema yeye alitaka nifukuzwe, Twyla ndiye aliyenitetea. Alisema, "Mwacheni, maskini. Woga ni ugonjwa kama mwingine."

Maskini. Wangeniita mwizi ningemeza. Lakini kuitwa maskini na mtu ambaye wiki mbili zilizopita hatukumjua!

Marlys alinisafishia meza mwenyewe. Kaniletea gundi ya karatasi, zile kurasa na vitabu vyote arobaini. Kabla ya kwenda kazini alinishika bega, akasema hataki kulala kule chini bila mimi. Alisema kwa moyo. Nilitaka kulia, nikasingizia mafua.

Nimefanya kazi mchana kutwa. Zote arobaini zimerudi. Ila, kusema kweli, si zote zimerudi kwenye vitabu vyake. Sasa nahodha wa nyambizi anajifungua mapacha kwenye theluji. Koplo Boggs anaolewa na daktari. Jasusi mmoja, baada ya kurasa mia tano za kufukuzwa, anavuna viazi. Maskini ndiye kaandika hayo. Nimetumia gundi ya mbao, ile ya karatasi inabanduka.

Jioni Harlan alipita kuvichukua. Aliniambia Twyla ndiye atakayevikagua, kwa kuwa ndiye anayevijua. Nikamwambia hakuna taabu, kurasa ni arobaini, na ahesabu.